Mzee Ndiye Mteja: Namna ya Kuandaa Hati ya Nguvu ya Kisheria Isiyorudishwa Dirishani

Hati ya nguvu ya kisheria ni karatasi ambayo kwayo mzee anampa mtu mwingine mamlaka ya kufanya jambo kwa jina lake. Zinazorudi mezani kwetu, sisi wasaidizi wa kisheria, zinafanana kama watoto wa tumbo moja. Mzee ana miaka sabini na kitu, magoti yamegoma, foleni ya ofisi ya ardhi haiwezi tena. Mtoto anachapisha karatasi stesheneri, anamshikisha baba yake kidole sebuleni, halafu wakili anagonga mhuri bila kumwona mwenye kidole. Karatasi inapelekwa dirishani, na wiki haijaisha imerudi.

Wanaokuja kulalamika hudhani kosa ni la uchapaji. Mara nyingi sivyo. Karatasi imerudi kwa sababu ukiisoma kuanzia juu hadi chini unamwona mtoto tu: anachotaka, atakachopokea, atakachouza. Mwenye mali yupo kama alama ya dole gumba chini ya ukurasa. Afisa aliyezoea migogoro ya viwanja vya Dodoma anainusa karatasi ya namna hiyo mapema.

Mwongozo huu ni wa familia na wasaidizi wa kisheria wenzangu wa Jiji, Chamwino, Bahi, Kongwa na Mpwapwa. Unahusu Tanzania Bara tu. Zanzibar walitunga sheria yao ya mambo ya wazee mwaka 2020. Sisi tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60, halafu ulinzi wenyewe tunauokota kipande kipande katika sheria za ardhi, mikataba, ndoa na mirathi.

## Kabla ya kutoa hela: huenda huhitaji hati

Wengi hutafuta hati kwa sababu mzee ana kesi ya shamba na hawezi kukaa kwenye benchi kutwa nzima. Sheria imeshawafikiria.

Katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, mtu anaweza kufika mwenyewe, kwa wakili, au kwa ndugu au mtu wa kaya yake. Baraza la Kata nalo linaweza kumruhusu ndugu au mwanakaya kumsemea mhusika. Wakili ndiye asiyeruhusiwa pale. Mahakama ya Mwanzo inaweza kumruhusu ndugu katika shauri la madai, mhusika mwenyewe akiomba.

Kwa hiyo kama shida ni kesi tu, nenda na mzee siku ya kwanza, aombe kwa mdomo wake kwamba wewe umsemee. Asipoweza kufika kabisa, beba barua ya mtaa au kijiji inayoonyesha undugu wenu na cheti cha daktari kinachosema kwa nini hakuja. Usisahau kwamba tangu mabadiliko ya 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30, mnaruhusiwa kusonga mbele kwenda Baraza la Wilaya.

Pia msichanganye hati hii na wosia. Hati inafanya kazi mzee akiwa hai, wosia unaanza kazi akishafariki. Ukimsikia mtu anasema "nina hati ya babu, kwa hiyo nyumba itabaki kwangu," ujue kesi ya mirathi imeshaanza kuchipua.

Hati mnaihitaji pale mtu mwingine atakapofanya jambo kwa jina la mzee mbele ya ofisi: kufuatilia fidia, kusaini fomu za uthamini, kushughulikia hatimiliki, kukusanya kodi ya pango, kusimamia shamba la zabibu Hombolo wakati mzee anakaa kwa mwanawe Area C.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kitambulisho cha taifa cha mzee na cha atakayepewa mamlaka, au walau namba za NIDA.
- Picha ndogo za wote wawili.
- Nyaraka za mali: hatimiliki, barua ya toleo, hakimiliki ya kimila, karatasi za mauziano ya zamani, risiti za kodi ya ardhi. Leteni hata zile zilizochanika.
- Cheti cha ndoa, au cheti cha kifo cha mwenzi kama mzee ni mjane au mgane.
- Barua ya utambulisho ya mtaa au kijiji.
- Mashahidi wawili: mmoja wa ukoo, mmoja jirani asiye na maslahi.
- Mkalimani, kama mzee anafikiri kwa Kigogo, Kirangi au Kisandawe na Kiswahili chake ni cha sokoni. Asiwe mtoto anayepewa mamlaka.
- Miwani ya mzee. Nimeona kikao kizima kikiahirishwa kwa sababu miwani ilibaki Mvumi.

## Hatua ya 1: Tafuta wakili wa mzee, si wakili wako

Wakili mnayemwendea awe anamtumikia mzee. Kama ni rafiki yako uliyesoma naye, au ndiye anayekutetea katika mgogoro na dada yako, tafuta mwingine. Baadaye dada akipinga, swali la kwanza litakuwa: huyu wakili alikuwa wa nani?

Kagua jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Unaonyesha kama mtu ni wakili na kama leseni yake ya mwaka huu ipo hai. Kazi ya dakika tano, tena kwa simu. Dodoma imejaa vishoka tangu serikali ihamie. Wana mhuri, wana tai, wana meza karibu na ofisi za ardhi, na mhuri wao hauna thamani ya wino uliomo.

Kama hela haipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaruhusu asiye na uwezo kusaidiwa bure. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri yako. Anawafahamu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Sisi hatutozi ada. Haturuhusiwi pia kusimama mahakamani kama mawakili, kwa hiyo anayekwambia yeye ni msaidizi wa kisheria na papo hapo anataka laki mbili za "kufungua faili", mwache na faili lake.

Mmefanikiwa ikiwa wakili ametaka kuongea na mzee kabla ya kuongea na wewe.

## Hatua ya 2: Jua hali ya mali

Msimpe mtu mamlaka juu ya mali ambayo hamjui imelala wapi kisheria.

Kama kiwanja kina hatimiliki, ombeni upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majibu yataonyesha jina la mmiliki na kama kuna rehani au zuio. Mzee mmoja wa Nzuguni alikuja kwetu akitaka mwanawe ashughulikie hatimiliki ya kiwanja. Upekuzi ukaonyesha kiwanja kina mkopo ambao yeye hakuwahi kuusikia. Tuliacha hati ya nguvu ya kisheria, tukaanza na mkopo.

Kwa mjini, angalieni karatasi za zamani za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyogawa viwanja vya Dodoma. Mamlaka ile ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda kwa iliyokuwa Manispaa, ambayo sasa ni Jiji. Wazee wengi bado wameshika mikataba ya miaka 33 wakidhani ni hati kamili ya milele. Ulizeni Jiji kama umiliki ulishahuishwa kuwa wa miaka 99.

Kwa kijijini, ardhi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na Halmashauri ya Kijiji ina sauti. Kuhamisha ardhi ya kijiji bila idhini yake hakusimami, hata hati iwe na mihuri saba.

## Hatua ya 3: Nyoosha majina

Hapa ndipo hati nyingi hufia, kwa hiyo msiruke.

Karatasi ya shamba ina jina la ukoo kwanza. Kitambulisho cha taifa kina jina la ubatizo. Kadi ya pensheni ina jina la baba lililoandikwa kwa herufi nyingine, kwa sababu karani wa mwaka 1979 aliandika alivyosikia. Kwa mzee huyo wote watatu ni yeye. Kwa kompyuta ni watu watatu.

Andikeni majina yote kwenye karatasi moja, kila moja na chanzo chake. Yakitofautiana, wakili aandae hati ya kiapo inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja. Kiapo hicho kiambatane na hati yenu na majina yale yale yatajwe ndani yake. Msijaribu kurekebisha karatasi ya zamani kwa kalamu. Hilo linaweza kuhesabiwa kughushi, hata kama jina mnaloandika ni la kweli.

## Hatua ya 4: Kikao cha mzee peke yake

Kama una muda wa kufanya hatua moja vizuri, ifanye hii.

Wakili au msaidizi wa kisheria akae na mzee bila mtoto, bila mkwe, bila mjukuu aliyekuja kwa pikipiki na kusimama mlangoni. Mkalimani na shahidi wa nje wanaruhusiwa. Wewe uliyemleta nenda kanywe chai.

Najua inauma. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, mimi ndiye ninayemlisha baba, leo unanitoa nje?" Nikamjibu: nakutoa nje ili kesho mtu asiseme ulimshika mkono. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Mikataba kinazungumzia ushawishi usiofaa, na kinataja kwa jina mtu ambaye akili yake imeguswa na umri au ugonjwa. Aliye karibu na mzee, anayemlisha na kumvalisha, ndiye wa kwanza kutiliwa shaka. Kutoka nje ni ulinzi wako pia.

Fanyeni asubuhi. Wazee wengi wana akili kali saa tatu, na saa tisa wamechoka. Mzee mwenye kisukari ale kwanza. Kaa upande wa sikio linalosikia. Anza na salamu kwa utaratibu wake, shikamoo au mbukwa, uliza mvua na mifugo. Kumrukia na karatasi ni utovu wa adabu, na mzee aliyekosewa adabu atakujibu "ndiyo" ili uondoke.

Hiyo "ndiyo" ndiyo mtego. Usiulize "Umeelewa, babu?" Kila babu ataitika kwa heshima. Uliza maswali ambayo ndiyo haiwezi kuyajibu:

- "Babu, hii karatasi tunayoandika leo ni ya kazi gani?"
- "Shamba lenyewe liko wapi? Umepakana na nani?"
- "Kwa nini huyu na si yule mwingine?"
- "Akifanya vibaya, utafanyaje?"
- "Kitu gani hutaki akiguse?"

Swali la mwisho ndilo dhahabu. Bibi mmoja wa Chamwino alijibu yote kwa upole, lakini tulipofika hapo akainua kichwa: "Kisima asikiguse. Na makaburi." Mwanawe alikuwa ameshaandika "shamba lote". Hati ikabadilika palepale.

Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, tarehe, saa na waliokuwepo. Karatasi hii haiendi ofisini. Inabaki kwenye faili la wakili. Siku hati ikipingwa, majibu ya kisima na makaburi yatasema zaidi ya mhuri.

Mzee akisitasita. Kusahau siku ya wiki si kukosa akili. Sheria ya Mikataba inakubali kwamba mtu mwenye vipindi vya kuchanganyikiwa anaweza kufunga mkataba katika kipindi ambacho akili imetulia. Mkiwa na shaka, ahirisheni, rudini siku nyingine, na ombeni daktari ampime na kuandika anachokiona. Daktari wa hospitali yoyote ya serikali anaweza kuanza, na Hospitali ya Mirembe ina wabobezi wa afya ya akili. Lakini mtu akitajiwa Mirembe hapa Dodoma, anasikia tusi. Mweleze mzee kwa ukweli na taratibu: ni kupima kumbukumbu ili watu wasije kulikataa neno lako. Cheti kiwe na tarehe iliyo karibu na siku ya kusaini. Cha mwaka jana hakisaidii.

Mzee akikataa. Basi. Funga daftari. Mteja amesema.

## Hatua ya 5: Andikeni mamlaka finyu

Sentensi inayoangamiza familia ni hii: "kufanya jambo lolote kuhusu mali zangu zote kama ambavyo ningefanya mimi mwenyewe." Imenakiliwa kutoka stesheneri hadi stesheneri. Ndani yake kuna kuuza, kugawa, kuweka rehani na kumpa rafiki.

Taja kazi moja moja. Tuseme shamba limeguswa na barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, ile ya kilomita 112.3, na mzee anatakiwa kufuatilia fidia. Hati iseme hivi:

"Ninampa mamlaka ya kuhudhuria uthamini wa shamba langu lililotajwa hapo juu, kusaini fomu za uthamini, kupokea barua na kufuatilia malipo. Malipo yote yaingie katika akaunti yangu ya benki. Hana mamlaka ya kuuza, kutoa zawadi, kugawa wala kuweka rehani ardhi yangu yoyote. Hati hii itakoma baada ya miezi kumi na miwili."

Hapo kuna vitu vinne nisivyokubali viachwe: kazi iliyotajwa, hela kwenda kwa mzee, makatazo, na tarehe ya mwisho. Elezeni mali kwa namba ya kiwanja na kitalu, na kama ni shamba lisilopimwa, kwa mipaka na majirani wa pande nne.

Kama mzee kweli anataka kuuza, yaandikwe waziwazi: kiwanja kipi, bei isipungue kiasi gani, hela iingie wapi. Kuuza kusijifiche ndani ya neno "kusimamia".

Familia yenye watoto wasioaminiana, mpeni mamlaka wawili na muandike wasaini wote pamoja. Inachosha, kila karatasi inatafuta watu wawili, lakini nimeona ikiokoa nyumba.

Msisahau mwenzi. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzi. Bibi asiachwe jikoni akipika chai ya wageni wakati nyumba anayoilala inaandikwa. Ridhaa yake iandikwe pembeni, naye aelezwe peke yake vilevile.

Kuhusu benki: nyingi zina fomu zake za kumwidhinisha mtu kwenye akaunti na hazitaki hati yenu peke yake. Ulizeni tawi kwanza. Namba ya siri ya simu msimpe mtu kwa kisingizio cha hati. Hati haihusu namba ya siri.

## Hatua ya 6: Siku ya kusaini

Mzee awe mbele ya wakili, ana kwa ana. Kama hawezi kutoka, wakili aende nyumbani. Mawakili wengi wanakubali mkilipa nauli na muda. Mhuri uliogongwa bila kumwona mtu unaweza kumponza wakili mwenyewe na kuiangusha hati yenu.

Mzee asiyejua kusoma asomewe hati yote kwa sauti, kwa lugha anayoifikiria, kisha aseme kwa maneno yake kilichomo. Hati yenyewe iandike kwamba alisomewa, kwa lugha gani, na nani alitafsiri, na mkalimani asaini. Maneno haya machache yanasahaulika kuliko chochote, na ndiyo afisa anayoyatafuta anapoona dole gumba badala ya saini.

Dole gumba lina taabu zake. Jembe la miaka hamsini linakula alama za vidole. Osheni mkono kwa sabuni, ukauke kabisa, wino uwe mwembamba. Bonyezeni mara moja bila kuviringisha. Alama ikitoka doa jeusi, chukueni kidole kingine na muandike ni kidole kipi cha mkono upi. Kila ukurasa uwekwe alama, si wa mwisho tu, maana ukurasa wa kati ndio hubadilishwa.

Mashahidi wasaini wakiwepo. Mtoto anayepewa mamlaka asiwe shahidi, wala mkewe. Saini nakala tatu: ya mzee, ya mpewa mamlaka, ya wakili.

Wakili athibitishe kwamba anamfahamu mzee au ametambulishwa kwake na mtu fulani, mahali gani, tarehe gani. Msiondoke na nafasi tupu. "Dodoma, tarehe ......" ni mlango ulioachwa wazi.

## Hatua ya 7: Ushuru na usajili

Hati ilipiwe ushuru wa stempu ndani ya siku 30 tangu kusainiwa. Isiyolipiwa haipokelewi kama ushahidi, na mtu hugundua hilo siku ya kesi, mbele ya mwenyekiti wa baraza. Lipeni kwa kontroo namba ya serikali, kamwe si mkononi, na mtunze risiti pamoja na hati.

Kama hati inagusa ardhi yenye hatimiliki, isajiliwe kwa Msajili wa Hati. Bila usajili, mpewa akijaribu kusaini uhamisho atarudishwa. Pelekeni nakala pia mtaani au kijijini, na mtendaji asaini kwenye dispachi, yaani daftari la kupokelea barua, kwamba amepokea. Sheria haiwabani kwa hilo, lakini mtendaji aliye na nakala akija mtu na hati ya kughushi atashtuka.

Mmefanikiwa ikiwa dirishani wanachukua nakala na kuwapa namba ya usajili, bila kuuliza "mwenyewe yuko wapi?"

## Hatua ya 8: Matumizi, hesabu na kufuta

Mpewa afungue daftari dogo. Kila hela iliyoingia na kutoka, kila barua, kila safari. Mara moja kwa miezi mitatu asome mbele ya mzee na angalau ndugu mmoja mwingine. Ambaye hakuiba hupata nafuu kubwa kwa daftari hili.

Mzee anaweza kufuta hati wakati wowote. Hahitaji kutoa sababu. Anaandika hati ya kufuta mbele ya wakili, inapelekwa kwa Msajili kama ile ya kwanza ilisajiliwa, na barua zinapelekwa benki, mtaani na kwa mpewa mwenyewe, zote kwa dispachi. Kuifuta kwa kuichana sebuleni hakutoshi. Mpewa bado ana nakala yake.

## Mzee akiwa ameshapoteza kumbukumbu

Hapa niwe mkali kidogo, kwa sababu watu hunibembeleza. Kama mama hajui tena watoto wake, huwezi kumwandikia hati. Na kama aliandika zamani akiwa mzima, nguvu yake inakoma pale akili inapokoma. Sheria ya Mikataba inasema uwakala huisha mwenye mali akifariki au akipoteza akili timamu. Nchi nyingine zina hati zinazoendelea kuishi baada ya hapo. Sisi hatuna, na hati hata iandikwe "itaendelea hata nikiugua", msiitegemee.

Njia iliyopo ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inaipa mahakama uwezo wa kumteua mtu wa kusimamia mali za mgonjwa. Mtahitaji taarifa ya daktari, orodha ya mali na majina ya ndugu wa karibu ili nao wasikilizwe. Tafuteni wakili kwa hili, msijaribu wenyewe.

Ndiyo maana mzee aliyeanza kurudia maswali hasubiriwi. Mwaka mmoja wa kuchelewa unaweza kubadilisha kazi ya siku mbili kuwa shauri.

## Kama mali imeshaguswa

Mmekuta kiwanja kimeuzwa kwa hati ambayo mzee haitambui? Fanyeni haya siku hiyo hiyo, kwa mpangilio huu.

Wekeni zuio kwa Msajili wa Hati kama ardhi imesajiliwa, ili isihamishwe zaidi. Kama haijasajiliwa, andikeni barua kwa mtendaji na mwenyekiti, ipokelewe kwa dispachi. Kisha polisi, maana kughushi ni jinai na mhuri wa wakili kwenye karatasi una namba na jina vya kufuatiliwa. Ndipo barazani.

Madai ya kurudisha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Ndugu wanaokaa vikao vya ukoo kila Krismasi bila kufungua shauri huikata miaka hiyo mmoja mmoja.

Na dalili moja msiidharau vijijini: mama mjane akianza kuitwa mchawi ghafla, angalieni nani anataka shamba lake. Kumtuhumu mtu uchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Usalama wake uwe wa kwanza. Mpelekeni mahali salama na mkaripoti polisi, karatasi za shamba zitafuata.

## Mzee akifariki

Hati inakufa saa ile ile. Mpewa asitoe hata shilingi ya jeneza kwa nguvu ya hati hiyo, na asiwahi benki "kabla hawajajua". Kila alichosaini baada ya kifo kitamrudia yeye.

Rudisheni hati kwenye faili, chukueni cheti cha kifo, kaeni kikao cha ukoo, na mfungue mirathi. Familia nyingi huanzia Mahakama ya Mwanzo. Kama kuna wosia, upelekwe bila kuchelewa. Kwa ambao bado hawajauandika na wanafuata mila: wosia wa maandishi wa mzee asiyejua kusoma unataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, wote wanaojua kusoma na kuandika. Kwa mzee anayejua kusoma wanatosha wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Mrithi asiwe shahidi. Wosia unaweza kutunzwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na risiti ya kuutunza ikae ndani ya bahasha ile ile yenye kitambulisho cha mzee, mahali ambapo watoto zaidi ya mmoja wanapajua.